Somo la Mashuka: Kuunganisha Kuponi na Pointi za Dukani

Kwa toleo hili la kufungulia mwaka wahariri wameniomba niandike jambo la kuwafaa wageni wetu walioshuka juzi kutoka Dar, Nairobi, Kampala, Bujumbura na kwingineko. Nadhani walitegemea niandike jinsi ya kuchagua masomo au jinsi ya kuzungumza na profesa. Hayo mtaambiwa kwenye semina za wiki ya kwanza mpaka mchoke. Mimi nimechagua mashuka.

Usicheke. Hapa Minnesota unakabidhiwa chumba cha bweni chenye kitanda, godoro lililovikwa plastiki ngumu, meza na kiti. Basi. Hakuna shuka, hakuna mto, hakuna blanketi. Wenzetu Wamarekani wanashushwa na wazazi wao, gari limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi. Sisi tunakuja na mabegi mawili, nusu ya uzito wake ni vitabu na unga. Na mwenye kazi ya ualimu msaidizi asidhani kwamba mshahara wa kwanza unamsubiri uwanja wa ndege. Unaingia wiki kadhaa baadaye. Mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Kwa hiyo zile dola mia kadhaa ulizofungasha kwenye soksi ndizo chakula, ndizo koti la baridi, ndizo kitanda. Ukizimwaga dukani siku ya pili, mwezi mzima utakuwa mgeni wa watu.

Sasa maduka ya huku yana mtindo ambao nyumbani hatukuuzoea. Nyumbani bei unapatana kwa mdomo: unalalamika, unaondoka, unaitwa, unarudi. Huku kupatana kupo vilevile, ila kunafanywa kwa karatasi na kwa simu. Asiyejua hayo analipa bei ya lebo, na bei ya lebo, kama nitakavyoeleza, imewekwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Kitanda kwanza, kuponi baadaye

Punguzo la nusu bei kwa shuka lisiloingia kitandani ni hasara ya nusu bei. Vitanda vya mabweni mengi ya huku si Twin ya kawaida, ni Twin XL. Twin ni inchi 38 kwa 75, na Twin XL ni inchi 38 kwa 80. Inchi tano za urefu si nyingi kwa kuzitaja, lakini shuka la chini la huku lina mpira pembeni, linavalishwa godoro kama kofia. Likiwa fupi, kona moja inafyatuka kila ukigeuka, na unaamka umelalia plastiki. Soma pakiti. Kama haikuandikwa XL, irudishe kwenye rafu hata kama imeshushwa bei namna gani.

Sisi tumezoea mashuka jozi, yote mawili bapa, ya futi tatu kwa sita au tano kwa sita, unachomekea chini ya godoro mambo yanaisha. Huku seti ni shuka moja lenye mpira, moja bapa la kujifunika, na foronya. Siri ni kwamba lile bapa si lazima ulinunue. Kama mama alikufungia doti ya kanga, shona vipande viwili upande mrefu kwa mrefu. Kila kimoja kina kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo utapata kitu cha sentimita 150 kwa 220, wakati kitanda chenyewe hakizidi 99 kwa 203. Hapo utatafuta shuka lenye mpira peke yake, na maduka kadhaa huliuza peke yake kwa bei ndogo kuliko seti. Wageni waulizeni wakubwa zenu wa chama. Wapo wanaolalia hivyo mwaka wa nne huu na wananawiri.

Neno moja juu ya ile namba kubwa ya nyuzi inayoandikwa kwenye pakiti za pamba, mara 600, mara 1000. Shuka la pamba la nyuzi 200 mpaka 400 kwa inchi ya mraba linatosha kabisa. Zikipita hapo mara nyingi wamehesabu uzi uliosokotwa kwa nyuzi mbili au tatu kama vile ni nyuzi mbalimbali, jambo ambalo mwaka 2005 wataalamu wa Federal Trade Commission, shirika la serikali linalolinda wanunuzi, waliandika kwamba linaweza kuwapotosha watu. Usilipie hesabu ya mtu mwingine.

Karatasi gani inaungana na ipi

Turudi kwenye somo lenyewe. Kuna bei ya ofa, yaani duka lenyewe limeshusha bei ya bidhaa, na hapo huhitaji kitu chochote mkononi. Kuna kuponi ya duka, ambayo hukatwa kwenye jumla yako yote au kwenye aina fulani ya bidhaa. Inakuja kwa posta, kwa baruapepe au kwenye programu ya simu. Kuna kuponi ya kiwanda, inayotolewa na mtengenezaji mwenyewe, na duka linakwenda kurudishiwa fedha zake kwake. Hizo utazikuta sana kwenye sabuni na vyakula. Kwenye mashuka ni adimu, usipoteze usiku mzima ukizitafuta. Kisha kuna zawadi za uanachama: pointi, au fedha za duka unazopewa kwa ununuzi wa leo ili ukazitumie kwa ununuzi wa kesho. Juu ya hayo lipo punguzo la wanafunzi, linalothibitishwa kwa anwani yako ya chuo inayoishia na edu, na zipo tovuti kama Rakuten ambazo ukipitia kwao kwenda kwenye duka la mtandaoni wanakugawia sehemu ya kamisheni wanayolipwa na duka.

Kanuni ya jumla ni kwamba karatasi za aina moja hazipendi kukaa pamoja, ila za aina tofauti mara nyingi hukubaliana. Kuponi mbili za asilimia kwa jumla moja, keshia atakuambia uchague moja. Lakini bei ya ofa, kuponi moja ya duka na pointi ulizolimbikiza zinaweza kuingia kwenye risiti moja. Target, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Minneapolis, wana uanachama wa bure wa Target Circle, na miaka ya karibuni wamekuwa wakitoa punguzo la mara moja la asilimia 20 kwa mwanafunzi aliyethibitishwa, msimu wa kurudi shule. Jirani zetu wa Wisconsin, Kohl's wa Menomonee Falls, wanajulikana kwa Kohl's Cash: katika siku walizozitangaza, kila dola 50 unazolipa zinakupa dola 10 za kutumia baadaye, katika siku nyingine watakazokutajia. Hizo siku mbili zisome vizuri kama unavyosoma tarehe ya mtihani.

Na yale maandishi madogo chini ya kuponi yapo kwa sababu. Humo ndimo mlimotajwa bidhaa zisizoguswa na kuponi, na mara nyingi ni zile za majina makubwa. Ukikuta komfota unayoitaka imo kwenye orodha hiyo, jua asilimia 20 yako ni ya kumwonyesha rafiki tu. (Komfota ni lile fuko nene lenye pamba au nyuzi za plastiki ndani, ndilo blanketi la Wamarekani. Kwa baridi ya hapa mwezi wa kwanza, shuka la Kimasai peke yake halikutoi.)

Tupige hesabu

Chukua duka la mfano, nisilipe jina. Bei za lebo: seti ya mashuka dola 40, komfota 70, mfuko wa kuvalisha godoro 25, mto 15. Jumla 150. Duka limetangaza ofa ya asilimia 30 kwa vitu vyote vya kitandani, na wewe una kuponi ya asilimia 20.

Wengi wanajumlisha: 30 na 20 ni 50, nitalipa 75. Hapana. Asilimia 30 inaondoka kwanza, zinabaki dola 105. Asilimia 20 sasa inakata zile 105, si 150, inaondoa 21, unalipa 84. Punguzo lako la kweli ni asilimia 44. Ukianza na ile ya 20 utafika palepale: 120, kisha 84. Kwa hiyo asilimia na asilimia, mpangilio hauna neno. Ukitaka njia ya mkato zidisha 0.7 kwa 0.8, utapata 0.56, ndiyo sehemu ya lebo utakayolipa.

Mpangilio unaanza kuwa na neno pale inapoingia kuponi ya kiasi maalumu, tuseme dola 10. Ikikatwa kabla ya asilimia: 105 toa 10 ni 95, ondoa asilimia 20, unalipa 76. Ikikatwa mwishoni: 84 toa 10, unalipa 74. Dola mbili zimekwenda wapi? Zimemezwa na asilimia. Kuponi ya dola 10 ikitangulia asilimia 20, thamani yake ni dola 8. Duka ndilo linalopanga, si wewe, na mashine ya keshia imeshapangiwa. Lakini ukijua mapema hutashangaa kaunta na kuanza kubishana na binti wa watu huku foleni nyuma yako inapumua.

Sasa tuingize fedha za duka, dola 10 kwa kila 50. Mtu akinunua vyote siku moja analipa 84 na kupewa dola 10 za baadaye. Mara moja tu, kwa sababu 84 ina hamsini moja ndani yake. Anaondoka amefurahi, dola 10 zinalala kwenye baruapepe, siku zake zinapita, zinakufa. Nimeona wengi.

Afadhali ufanye safari mbili. Siku ya kwanza nunua mashuka na komfota: lebo 110, baada ya ofa 77, baada ya kuponi 61.60. Umevuka 50, umepewa dola 10. Subiri zile siku za matumizi zifunguke, nenda kachukue mfuko wa godoro na mto: lebo 40, baada ya ofa 28. Tukichukulia duka ni la aina ya kwanza, linalotanguliza fedha zake, toa 10 zinabaki 18, kuponi ya asilimia 20 inafikisha 14.40. Jumla ya safari mbili ni dola 76. Umetoka 84 ukafika 76 bila kununua kitu cha ziada. Wiki hiyo moja isiyo na mto, kunja sweta, weka ndani ya foronya, lala. Bila shaka hesabu hii inategemea ofa na kuponi viwe bado hai siku ya pili. Ndiyo maana nasema tarehe zisomwe kabla ya safari ya kwanza, si ya pili. Na kama basi la kwenda na kurudi linakula dola nne, tulichookoa ni nne, si nane. Nenda siku ambayo ungekwenda upande huo hata hivyo.

Angalia pia jinsi ya kugawanya. Kama siku ya kwanza ungechukua mashuka, mfuko na mto, lebo ni 80, ofa 56, kuponi 44.80. Umekosa 50 kwa dola 5.20, hupati kitu. Hapo ndipo unapoanza kuvutwa na mishumaa ya manukato iliyopangwa karibu na kaunta. Mishumaa ile haikuwekwa pale kwa bahati. Kuongeza kitu cha dola sita ili kupata dola 10 kunaweza kuwa na faida, nakubali, endapo tu hicho kitu ni sabuni ya kufulia ambayo ungeinunua Jumamosi. Vinginevyo umelipa fedha za kweli kupata fedha za duka, na fedha za duka hazinunui ugali wala hazitumwi nyumbani.

Kodi nayo ipo. Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo za kuvaa, watu wengi hudhani na mashuka yamo humo. Hayamo. Kodi ya jimbo ni asilimia 6.875, na miji na kaunti zinaongeza za kwao. Faida ya kuponi ya duka ni kwamba kodi inahesabiwa kwenye bei iliyokwisha kupunguzwa.

Risiti inayokupongeza

Chini ya risiti utaona maandishi: umeokoa dola 74. Wengine wanapiga picha wanatuma kwenye kundi. Mimi naomba tusimame hapo kidogo, kwani kwangu hapo ndipo kiini cha somo kilipo.

Uliokoa kutoka bei gani? Kutoka 150. Nani aliwahi kulipa 150? Pengine wewe mgeni wa wiki jana peke yako. Duka linaloishi kwa kuponi linaweka lebo juu ili kuponi ipate mahali pa kukata. Wanunuzi wanajua, duka linajua, mchezo unaendelea. Mwaka 2012 JCPenney walijaribu kuuacha. Mkurugenzi wao mpya, Ron Johnson, aliyetokea Apple, alifuta ofa na kuponi karibu zote akaweka bei za chini za kila siku, lebo inasema ukweli. Ungedhani watu wangeshangilia. Wakakimbia. Mauzo ya mwaka ule yalianguka kwa karibu asilimia 25, na Aprili 2013 Johnson akaondolewa, kuponi zikarudi. Watu walitaka kuhisi wameshinda. Hisia hiyo ina bei yake, na wanaoilipa zaidi ni wale wasiokuwa na kuponi.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja tu: vitu vilevile, ubora uleule, duka la jirani lisilo na kuponi linauza kiasi gani? Walmart hawana mambo mengi ya kuponi za duka. Wana Mainstays yao, na Twin XL ipo. Tuseme kule jumla ni dola 88. Basi wewe uliyelipa 76 hukuokoa 74, umeokoa 12. Dola 12 ni nzuri, ni saa moja ya kazi maktaba, sizidharau. Lakini ukijua ni 12 utaamua vizuri kama inafaa kupoteza jioni mbili na nauli. Na siku ukikuta kule ni dola 70, kuponi zako zote pamoja na pointi zimekuongezea hasara ya dola sita na bado risiti inakupongeza.

Mtu mmoja wa chama chetu, simtaji, aliwahi kunieleza kwa fahari kwamba ana dola 60 za zawadi kwenye simu yake. Nikamuuliza kodi ya nyumba analipaje. Akacheka, akasema bado hajalipa.

Pointi ni ahadi

Hili la zawadi kulala nalirudia kwa sababu lina mfano mkubwa. Miaka mingi mwanafunzi yeyote wa Marekani aliyetaka mashuka alikwenda Bed Bath & Beyond, duka lililoanzishwa New Jersey mwaka 1971. Kuponi yao ya asilimia 20, ile karatasi ndefu ya buluu, ilikuwa kila sanduku la posta, na ilijulikana kwamba hata iliyopitwa na tarehe keshia aliipokea. Watu wakaziweka kwenye droo na kwenye gari, rundo kwa rundo, kama akiba. Aprili 23 mwaka 2023 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kuanzia Aprili 26 kuponi hazikupokelewa tena. Kwa siku chache washindani wengine, kama Big Lots, walizipokea ili kuwavuta wateja. Baada ya hapo zikawa karatasi za kuwashia jiko. Maduka yalifungwa mpaka Julai mwaka huohuo. Jina lenyewe lilinunuliwa na Overstock kwa dola milioni 21.5.

Wakenya hawahitaji kufundishwa hili. Nakumatt walikuwa na Smart Card, pointi zinajikusanya kwa kila mfuko wa unga, nyumba nyingi Nairobi zilikuwa nazo. Duka likaanza kuishiwa bidhaa kwenye rafu, matawi yakafungwa moja moja, na Januari 2020 wadai wakapiga kura livunjwe. Pointi hazisimami foleni ya wadai pamoja na benki.

Pointi ni deni ambalo wewe unalidai duka, bila riba, bila dhamana, tena deni lenye tarehe ya kufa. Zitumie mapema kwa kitu unachohitaji. Na kabla ya kurudisha bidhaa jua kwamba maduka mengi yakirejesha fedha yatakata zawadi uliyopewa kwa ununuzi ule, hasa kama umekwisha itumia. Ukirudisha ile komfota ya safari ya kwanza usishangae kurudishiwa pungufu ya risiti.

Keshia akikuuliza juu ya kadi

Sasa hapa wageni mfungue masikio. Ukiwa umepanga karatasi zako vizuri, keshia atatabasamu na kukuuliza: unataka uokoe zaidi leo? Anachokiuza ni kadi ya mkopo ya duka. Uanachama wa pointi na kadi ya mkopo ni vitu viwili tofauti, ingawa vinafanana jina na rangi. Uanachama unaomba namba ya simu au baruapepe, ni bure. Kadi ya mkopo inaomba Social Security Number, ambayo wengi wenu hamtakuwa nayo mpaka mpate kazi, na wala usikopeshwe ya mwenzio. Riba za kadi za maduka hukaa karibu na asilimia 30 kwa mwaka. Ukiacha dola 76 bila kulipa, kila mwezi inaongezeka karibu dola mbili, hiyo bado si kitu. Faini ya kuchelewa mara moja ndiyo inayoumiza, maana inaweza kufika dola 30 na zaidi. Zile dola 12 tulizozihangaikia kwa safari mbili zimekwenda na nyingine 18 juu. Jibu ni fupi na la heshima: asante, leo hapana. Atauliza tena. Anafanya kazi yake, wewe fanya yako.

Kwa uanachama wa bure, tengeneza baruapepe ya pembeni kwa ajili ya maduka tu. Watakutumia barua kila siku, na hutaki barua ya ofisi ya viza ipotee katikati ya matangazo ya mataulo.

Mambo madogo yaliyobaki

Ukinunua leo na kesho bei ikashuka, usikae kimya. Yapo maduka yanayorudisha tofauti ukiwapelekea risiti. Target hufanya hivyo kwa bei yao wenyewe ndani ya siku 14. Hiyo haihitaji kuponi, inahitaji mdomo na risiti isiyofutika, kwa hiyo ipige picha.

Kwa wanaokaa nje ya bweni na wanaoweza kusubiri, mwezi wa kwanza nao ni msimu wa mashuka. Ni desturi ya zamani: John Wanamaker wa Philadelphia alianzisha mnada wa vitambaa vyeupe Januari 1878 kwa sababu biashara ilikuwa imelala baada ya sikukuu, na maduka hayajaiacha mpaka leo. Mwezi wa nane kuna wateja wapya kibao wasio na la kufanya, mwezi wa kwanza duka ndilo linalobembeleza. Ukipata shuka la kwanza mwezi wa nane, la kubadilishia lisubiri Januari.

Vya mtumba vipo pia, na sisi si watu wa kuuogopa mtumba. Mwezi wa tano wanafunzi wakihama, vitu vizuri vinaachwa vibarazani. Shuka na komfota ukiviokota au kuvinunua kwa bei ya kutupa, vifunge kwenye mfuko wa plastiki, visiguse zulia lako, peleka moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu, dakika 30 kamili. Hiyo inaua kunguni na mayai yao. Godoro la barabarani liache hapo hapo lilipo, hata likiwa jipya kiasi gani. Hakuna kuponi ya kunguni.

Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano wa wageni tunakwenda madukani kwa kundi, magari mawili ya wakubwa wenu yamejitolea, kwa hiyo nauli tumeshaiondoa kwenye hesabu. Kila mtu aje na kipimo cha kitanda chake, kitambulisho cha chuo, na programu za maduka zikiwa zimeshapakiwa kwenye simu, maana mtandao wa ndani ya maduka yale ni wa kubahatisha. Mimi nitakuja na kikokotoo na matangazo ya wiki hiyo, ya Walmart yakiwa juu.